Matabishi ya Muhula wa Tatu

Jumatatu, 8 Septemba

Ruzuku imefika! Niliandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa bureau, ofisini chuoni, kisha nikafuta, maana mkurugenzi anapenda kutangaza habari njema mwenyewe.

Inspecteur Lucien alikuja saa nne kutoka Division, ofisi ya elimu ya mkoa, viatu vyekundu kwa vumbi, akaomba maji kwanza. Halafu akatuambia. Kuna fedha ya kuwasaidia wazazi kulipia masomo ya kuchomelea vyuma, mwaka mzima. Kila mzazi alipe kiasi gani, tuamue wenyewe. Sharti ni moja: mwisho wa mwezi section, darasa hilo la kuchomelea, ijae. Wanafunzi ishirini. Isipojaa, mashine zinapakiwa kwenye lori na kupelekwa chuo cha Fungurume, mji mwingine. Pamoja na mwalimu wake.

Mwalimu wake ni tata Tharcisse. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alinitazama mimi, nami nikatazama kalenda.

Basi niseme hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: sitaki aende Fungurume. Miaka minne huyu mtu anakuja kwenye dirisha langu kila asubuhi kuomba kalamu ambayo anayo mfukoni. Mimi nilifiwa na mume, yeye alifiwa na mke, wote tumevuka arobaini, na chuo kizima kinajua isipokuwa sisi wawili. Hiyo ndiyo hali.

Sasa section yenyewe. Mwaka jana ilimaliza na wanafunzi wanane. Kijana wa hapa Kolwezi akienda kwenye shimo la madini, jioni anarudi na pesa. Akija kwetu, yeye ndiye anayelipa. Nani atakuja?

Mkutano wa kupanga ada ni kesho, na mimi ndiye économe, mshika fedha wa chuo, kwa hiyo nitaketi mbele. Jioni nilikaa nikitabasamu peke yangu mpaka mboga ya sombe ikaungua sufuriani. Jessica, binti yangu, ameonja akasema ina ladha ya tata Tharcisse. Nimemtupia kitambaa.

Jumanne, 9 Septemba

Mkutano mfupi. Tata Kabemba, mkurugenzi wetu, alisimama, akavuta koti, akasema: bure! Ruzuku ibebe ada yote, mzazi asitoe hata faranga. Nilinyoosha mkono. Na baguette, vile vijiti vya kuchomelea? Na mafuta ya jenereta siku umeme ukikatika? Akasema tutaona mbele.

Haya. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Bure! Nani atakataa?

Mchoraji alikuja saa nane, akaandika kwenye ukuta wa barabarani, herufi nyekundu zenye urefu wa mtoto: SOUDURE — BURE. Pikipiki za taxi-moto zilipunguza mwendo zisome. Tata Tharcisse alitoa mashine zote nje, akazifuta kwa mafuta, akazipanga kivulini. Ameazima ufagio wangu. Amesema ataurudisha kesho, ili awe na sababu ya kupita. Alisema hivyo hivyo, mbele ya mlinzi!

Ijumaa, 12 Septemba

Siku tatu ukuta unasema bure. Waliokuja: watatu.

Wa kwanza, kijana mwenye kofia, aliuliza ni mgombea gani anayelipa. Nikamwambia hakuna mgombea, hakuna uchaguzi. Akacheka, akasema atarudi siku tukiwa tayari kumtaja. Wa pili, creuseur, mchimbaji wa mashimoni, matope mpaka magotini, alitaka kujua tunawatoa kwenye shimo ili nani aingie. Wa tatu ni mama mmoja. Alizunguka mashine zote, akagonga moja kwa kidole, akauliza kama zimekufa.

"Kama biko bizima, juu ya nini munabitoa bule?"

Kwa nini bure? Nilimweleza maana ya ruzuku. Nilieleza vizuri, polepole, kwa vidole. Alinisikiliza kwa huruma. Halafu akaniambia nijiangalie, maana watu wa namna hii wakikimbia, anayebaki na kesi ni mwenye kushika karatasi. Yaani mimi!

Tata Tharcisse aliketi nje kutwa nzima, amevaa koti lake la ngozi la kuchomelea, kwenye joto hili la Septemba, ili watu wamwone. Ameiva. Nimempelekea maji mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 14 Septemba

Padri alitutangazia baada ya komunyo. Masomo ya ufundi, bure kabisa, vijana jitokezeni. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Kwanza nilifikiri ni kitenge!

Nje wakanizunguka. Habari zinazotembea hapa mtaani Dilala ni kwamba anayejiandikisha anapigwa picha, na picha inakwenda kwa watu wanaotaka kufunga mashimo. Wengine wamesikia kwamba wanafunzi wakimaliza watapelekwa mbali wakafanye kazi ya kulipa deni. Deni gani? La masomo! Masomo ni bure! Ndiyo, wakasema, ndilo hilo deni.

Nilikasirika mpaka nikampita mama mkwe wangu bila kumsalimia. Jessica alicheka njia nzima. Mimi nilianza kucheka tulipofika nyumbani, nilipovua viatu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkurugenzi ana homa. Lucien alipiga simu kuuliza wangapi, naye akajibu "tunaendelea", akafunga simu, akajipangusa jasho. Mkutano mwingine. Uamuzi: bure imeshindwa, tuweke nusu bei. Mchoraji akaitwa. Akapaka chokaa juu ya BURE, akaandika NUSU BEI. Ile BURE bado inaonekana kwa chini.

Niliwaonya. Hapana, nisidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: nilisema "tupime".

Jioni nilipanda taxi-moto kurudi nyumbani. Dereva akaniambia hajawahi kuona kitu hicho Kolwezi nzima. Mfanyabiashara hana mteja, halafu anapandisha bei! Mwenzake aliyekuwa kando yetu kwenye kona akadakia, akasema yeye anangoja bei ya Jumatano. Barabara nzima inatucheka. Watoto wakitoka shule wanapita kwanza kuangalia kama ukuta una jipya.

Tata Tharcisse amezirudisha mashine ndani. Amesema ni kwa ajili ya vumbi.

Jumatano, 17 Septemba

Hii niiandike yote.

Nilikwenda soko la Dilala kununua bishimu kwa mama Fidélie. Kila wiki nanunua viwavi vyangu kwake. Yeye ana kopo lake la kupimia, mimi nina macho yangu. Leo akajaza kopo mpaka juu, akamimina mfukoni, akafunga fundo. Nikangoja. Akanyoosha mkono apokee pesa. Nikangoja.

"Na matabishi?"

Akasema leo hakuna nyongeza, amenishushia bei badala yake. Kweli alikuwa ameishusha. Nilipiga hesabu palepale: nilikuwa nimepata faida kuliko konzi anayonitupia juu siku zote. Na nilifanya nini? Nilikataa! Mimi, économe, mwenye diploma ya hesabu ukutani! Nikamwambia sitaki bei yake ya kushuka, hizi bishimu zina nini, za mwaka jana? Rudisha bei, nipe matabishi yangu. Tukagombana vizuri kabisa. Akaita mashahidi, nikaita mashahidi. Mwishowe akarudisha bei ya kawaida na kutupia konzi moja ya kujaa. Nikaondoka nimeridhika.

Nilifika kwenye meza za vitenge ndipo nikasimama katikati ya njia. Mwenye mkokoteni akanitukana.

Ni sisi! Kosa letu ndilo hilo hilo! Tumewapa watu bishimu za bure, wakazinusa. Tukashusha bei, wakazinusa zaidi. Mtu wa hapa anataka bei iliyosimama, aigombanie, ailipe, halafu muuzaji aongeze kitu juu kwa mkono wake mwenyewe. Hapo anajua kwamba bidhaa ni nzima na kwamba ameheshimiwa. Mimi mwenyewe niko hivyo, nami nimeketi kwenye mikutano miwili, wa kwanza nikipiga makofi!

Nikarudi mbio kwa Fidélie. Nikamuuliza: na matabishi yakizidi kitu chenyewe? Akaniangalia, akasema basi muuzaji ni mwizi, ao eko mugonjwa. Basi yawe kiasi gani? Ukinunua makopo mawili, akasema, konzi ya kujaa. Na konzi yake si ndogo.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimewaambia. Mkurugenzi alishika kichwa.

Nikaeleza: bei iandikwe, bei moja, ya kila muhula, isiyotembea. Iwe ngapi? Iwe bei ya gunia la unga wa mahindi. Kila mtu hapa anaijua bila kuuliza, na akina mama wakichanga likelemba yao, ule upatu, kila wiki mmoja wao anaweza kuibeba. Mzazi alipe muhula wa kwanza, alipe wa pili. Wa tatu ni matabishi. Na ruzuku? Ruzuku ilipe huo wa tatu, izibe pengo kati ya gunia na gharama zetu, na inunue zile baguette na yale mafuta ya jenereta ambayo tuliambiwa tutaona mbele. Nilimtazama mkurugenzi niliposema "mbele". Sikuweza kujizuia.

Tata Kabemba akasema ni aibu, chuo cha serikali kuandika matabishi ukutani. Ndipo tata Tharcisse, ambaye kwenye mikutano huwa anaangalia feni, akafungua kinywa.

"Directeur, mi moto yangu nilinunuaka juu ya casque. Vendeur alitia casque juu, njo nikalipa. Kama hangetia, ningeenda kwa mwingine."

Pikipiki nzima, kwa ajili ya kofia ya kuendeshea! Kisha mkurugenzi akakiri kwamba godoro lake alilinunua kwa sababu ya mito miwili.

Nikampigia Lucien. Nilisikia malori yakipita upande wake. Akasema fedha ni ya kupunguza mzigo wa wazazi, na hajaona mahali palipokatazwa kuupunguza mwishoni. Ruhusa!

Mchoraji amekuja mara ya tatu, akaandika: LIPA MIWILI, WA TATU MATABISHI. Amedai matabishi na yeye. Nimempa soda.

Jumamosi, 20 Septemba

Wamekuja! Wamekuja kugombana!

Sijafungua dirisha, akina mama tayari wamejaa kwenye ngazi. "Mama Micheline, gunia ya unga ni mingi, shusha kiloko." Haishuki, mama. "Mi niko na batoto saba." Hongera mama, bei ni ileile. "Muhula ya pili tulipe nusu?" Nusu sasa, nusu likelemba ikikufikia, lakini bei ni ileile. Wakanung'unika, wakaenda mpaka getini, wakarudi. Mmoja alikwenda getini na kurudi mpaka mlinzi akamwekea kiti njiani. Nawajua hao. Mimi pia ni wao. Sauti imenikauka na sijafurahi hivi tangu ubatizo wa Jessica.

Kila mmoja alitaka neno MATABISHI liandikwe kwenye risiti yake, yeye akiona, na muhuri juu yake. Niligonga muhuri kwa nguvu, meza ikaruka. Walipenda.

Halafu wanakwenda kukagua. Wanashika mashine, wanainua nyaya, wanamuuliza mwalimu amefundisha miaka mingapi, ana mke? Hilo la mke liliulizwa kwa sauti ya juu, tena na mama ninayemjua, tena akitazama dirisha langu. Tata Tharcisse akashusha maski ya kuchomelea usoni, akabaki nayo.

Fidélie naye! Amekuja na wanawe wawili, Dady na Stany, amelipa bila kugombana, jambo lililonitia wasiwasi. Kumbe! Akamvuta mbele binti yake Blandine, miaka ishirini, mikono imefungwa kifuani.

"Nimelipa babili. Uyu ni matabishi."

Nikamwambia mtu hawi matabishi. Akasema ukuta wangu mwenyewe unasema hivyo, viwili vya kulipa, cha tatu juu. Mihula, Fidélie! Mihula! Akaita mashahidi. Uwanja mzima ulikuwa mashahidi. Tata Tharcisse alicheka mpaka akaketi kwenye rundo la vyuma. Blandine peke yake hakucheka. Alisema, taratibu, kwamba yeye ndiye aliyetaka kuja tangu mwanzo, hao kaka zake wamemsindikiza tu, lakini mama alianza nao kwa sababu ni wanaume.

Fidélie akatazama pembeni. Nikachukua risiti mpya.

Nimemwambia alipe muhula mmoja wa Blandine, miwili iwe juu yetu, na akienda kusema sokoni nitakana. Ndiyo, matabishi yamezidi kitu chenyewe. Basi mimi ni mwizi, au mgonjwa. Blandine alichukua maski, akaivaa, akakataa kuivua hata kwa picha.

Alhamisi, 25 Septemba

Imejaa! Tumepita ishirini, wengine wameandikwa wangoje. Mkurugenzi anatembea uwanjani na mikono mgongoni, anawaeleza wageni jinsi alivyopata wazo. Nimemwacha.

Anabaki. Tata Tharcisse anabaki Kolwezi. Niandike tena nilione: anabaki!

Mchana tulikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, nyuma ya karakana, yeye na mimi, na wengine wote ghafla wakapata kazi ya kufanya. Alikizungusha kikombe. Akasema section imepona. Nikasema ndiyo, imepona. Akasema ni kazi yangu. Nikasema ni kazi ya bishimu. Kisha akaniita Micheline. Bila mama mbele. Jina langu tupu!

"Micheline, dimanche ya kwanza ya mwezi wenye kuya, mi na mukubwa yangu tunataka kuya kwenu. Kuonana na famille."

Jumapili, na kaka yake mkubwa! Nikamuuliza mnakuja kufanya nini. Mjinga mimi! Akasema: kuuliza. Yaani kuposa!

Nikamwomba kalamu. Sijui kwa nini. Alikuwa nayo, akanipa.

Nimemwambia Jessica, akapiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Nimemtuma kwa tata mudogo Mwenze, mdogo wa marehemu baba yangu, maana yeye ndiye atakayepokea wageni. Anaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Ameuliza kama anunue tai.

Jumanne, 30 Septemba

Lucien amefika kuhesabu. Akahesabu, akaomba kuonyeshwa ukuta, akasimama mbele yake kofia mkononi. Akamwendea Blandine, aliyekuwa anachomelea mguu wa benchi, akamuuliza kwa nini amechagua kazi hii. Blandine hakuinua maski. Akajibu kwamba anataka kutengeneza mageti. Watu wa Kolwezi wanaogopa wezi, hawataacha kununua mageti. Lucien akaandika.

Kisha mbele ya wote, wanafunzi, wazazi, mkurugenzi: section inabaki hapa. Vigelegele! Akangoja viishe. Akaendelea. Chuo cha Fungurume nacho kimepata ruzuku yake, ya masomo ya umeme wa nyumba. Kimetangaza bure. Hakuna mtu. Hata mbwa hajaingia, alisema. Kwa hiyo wakubwa wanatafuta mtu wa kwenda kupanga ada kule na kukiongoza chuo, mwaka mmoja kwanza, na nyumba ipo.

Akageuka. "Mama Micheline, tumekuwaza weye."

Vigelegele tena, vikubwa kuliko vya kwanza. Fidélie alinikumbatia, ananuka bishimu, akalia. Mkurugenzi alipiga makofi haraka sana.

Mimi nilitafuta uso wa tata Tharcisse. Alikuwa ameshusha maski.

Jumatano, 1 Oktoba

Mbio zote hizi nilikimbia ili mtu mmoja asipelekwe Fungurume. Nimefaulu. Ninapelekwa mimi!

Nilicheka peke yangu bureau mpaka mlinzi akachungulia. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikala.

Ijumaa, 3 Oktoba

Ukweli: ninaitaka ile kazi. Niandike bila kuzunguka. Miaka kumi na minne nashika hesabu za wakurugenzi wanaosema tutaona mbele, na sasa mtu amenionyesha mlango wenye jina langu. Tangu juzi nakipanga hicho chuo kichwani. Kule ni watu wa malori, wake zao wanauza kando ya barabara. Je, gunia la unga litawafaa, au tupime kwa kidumu cha mafuta ya kula? Nimejikuta nachora dirisha la kupokelea wazazi, pana, na benchi njiani kwa wale wanaokwenda getini na kurudi.

Na ninamtaka Tharcisse. Hilo nalo bila kuzunguka.

Hatujasemezana lolote. Anakuja dirishani asubuhi, anaomba kalamu, nampa, anairudisha. Nimemuuliza kama Jumapili wanakuja bado. Akasema bado wanakuja. Basi. Lucien anataka jibu Jumatatu.

Jessica amebakiza mwaka mmoja afanye examen d'État, mtihani wa taifa. Anasema atakaa kwa shangazi yake, niende, nisimtumie yeye kama kisingizio. Ana ulimi huyu mtoto, na ameurithi. Wengine chuoni wameanza kuniaga. Sijasema naenda!

Jumapili, 5 Oktoba

Wamefika. Naandika haraka. Niko chumbani kwa Jessica, mlango umeachwa wazi kidogo, yeye amelala chini anachungulia na kuniambia yanayoonekana. Mwanamke anayeulizwa haketi sebuleni, anangoja kuitwa. Sijawahi kukaa kimya muda wote huu.

Tharcisse kavaa suti ya kahawia. Mukubwa wake ana sauti nene, amekohoa kabla ya kuketi na baada ya kuketi. Wameleta kreti za soda na mbuzi. Mbuzi yuko nje, anapiga kelele. Tata mudogo ana tai. Amewauliza kama wamepotea njia, wamejibu wanavyotakiwa kujibu, wote wamecheka wanavyotakiwa kucheka.

Sasa ni mali, yaani mahari. Tata mudogo anataja. Mungu wangu! Amejaza mno! Kwa mwanamke mwenye magoti yangu! Mukubwa anasema hiyo ni bei ya msichana, ishuke. Na tata mudogo anaishusha papo hapo! Papo hapo! Watu hawajainuka hata kwenye viti! Nimeuma shuka. Jessica amenishika mguu.

Mukubwa anaendelea: tumesikia tena mama huyu anahama. Tutatoa mali juu ya muke eko Fungurume, na mudogo yetu atakula kwa nani? Tata mudogo anamtuliza. Mtoto wetu anatii, anasema. Kama ndoa inataka akatae kazi, atakataa.

Nani anatii?! Nimesimama. Jessica amenivuta chini.

Kiti kimelia sebuleni. Ni Tharcisse, na mwenye kuposa haongei siku hii, anaongea mukubwa wake. Kila mtu anajua hivyo. Anaongea!

"Tata, munisamehe. Mi sikukuya juu akatale kazi. Akikatala juu yangu, siku yote tutakula bukari na ile kazi pa meza. Mi niko na moto, nitapanda kila samedi. Ao niombe mutation, na kule byuma biko. Ao tungoje ule mwaka. Mi sijue. Lakini musiseme mu nafasi yake. Mumuite, aseme yeye."

Mukubwa anakohoa vibaya. Jessica ananong'ona kwamba tata mudogo amebaki mdomo wazi na tai imegeuka mgongoni.

Na mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila mama wa Dilala, nahesabu kwa vidole. Nimwambie Jumamosi kwa Jumamosi, na malori yale, na mvua inakuja? Nimwambie ahame, aiache section tuliyoipigania, awaache akina Blandine na mwalimu mwingine? Nimwambie angoje? Miaka minne ya kalamu, na bado angoje? Nikikataa kazi, tata mudogo atasema aliwaambia ninatii.

Ameniita. Majina yangu yote, la ubatizo na la ukoo. Jessica amenyanyuka, ameufungua mlango wote, na sasa wananiona nimeketi kitandani na daftari magotini. Tharcisse amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

Tata mudogo anauliza kwa sauti ya kanisani: Micheline, umesikia. Muke atakaa wapi?

Wote wananingoja mimi. Baba alinisemea, marehemu mume wangu alinisemea, wakurugenzi watatu walinisemea. Naweka kalamu chini, natoka. Bado sijui nitasema nini, lakini leo nitajisemea mwenyewe.